Sukari ya ukoo, halafu tunapima kwa kipimo kimoja

Matangazo yamerudi tena. Tema mate kwenye kichupa, yapelekwe nje, baada ya wiki kadhaa uletewe orodha ya vyakula "vinavyoendana na vinasaba vyako". Wasio na hela ya kichupa wana jibu lao la bure: kwetu sukari ni ya ukoo, itakuja tu, hebu niongezee wali.

Wote wawili wamekosea palepale. Wanadhani jeni ni hukumu.

Tuanze na FTO, jeni ya unene iliyopata umaarufu mwaka 2007. Aliyerithi nakala mbili za aina yake mbaya, moja kwa baba na moja kwa mama, kwa wastani anamzidi asiye nayo kilo 3 hivi. Kilo tatu! Kazi yake kubwa iko kwenye njaa: shibe inachelewa, mkono unarudi kwenye sinia. Haya, jeni zinazogusa uzito ni mamia, na zikijumlishwa si haba. Nakubali kwa shingo upande kwamba watu wawili wanaweza kula sahani zilezile, mmoja akanenepa na mwenzake akabaki na suruali yake ya zamani. Ila hakuna kichupa cha mate kitakachokuambia uache ugali ule ndizi.

Kwenye kisukari chenyewe jeni inayotajwa sana ni TCF7L2, iliyogunduliwa Iceland mwaka 2006. Mwenye nakala mbili mbaya, kongosho lake linatoa insulini kwa kusuasua. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, watu wa namna hiyo walioachwa bila msaada waliugua haraka kuliko wenzao. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo huyo wa "sukari ya ukoo" ndiye hasa mwenye cha kuokoa.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya FTO. Kinachonikera ni kwamba urithi wenye madhara ya kila siku kwetu hautangazwi na mtu, nao umejificha kwenye chembe nyekundu za damu.

Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kinahesabu sukari iliyonata kwenye hemoglobini, protini inayoipa chembe rangi nyekundu. Kinachukulia kwamba chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi. Chembe ikifa mapema haijapata muda wa kukusanya sukari, na karatasi inatoka na namba nzuri ya uongo. Sasa nani ana chembe zinazokufa mapema? Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo mwanaume anairithi kwa mama yake tu, na akirithi iliyo na kasoro hana nakala nzima ya kuifidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa Wamarekani weusi wanaume, ile aina ya Kiafrika ya upungufu huu inashusha HbA1c kwa pointi 0.81 za asilimia. Piga hesabu: mstari wa kisukari ni asilimia 6.5. Mtu aliyestahili kusoma 7.2 anasoma 6.4, anapongezwa, anaenda kula nyama choma. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha wenye AS, nakala moja ya selimundu, wakisoma chini kwa takriban 0.3. Wenye SS, yaani nakala mbili, wasipimwe kwa njia hii kabisa.

Na hizi jeni zimejaa wapi? Palepale malaria ilipotawala, Ziwa Victoria na pwani zikiwemo, kwa sababu zinamkinga mtoto asiuawe na malaria. Anthony Allison alilionyesha hilo kuhusu selimundu mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya huku huku Afrika Mashariki. Halafu tunafanya zoezi la upimaji uwanjani kwa HbA1c peke yake. Hongera zetu. (Upungufu wa madini ya chuma nao hupotosha, ila unapandisha namba.)

Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja ana kisukari cha aina ya pili, hatari yako ni mara mbili hadi tatu ya mwingine, kwa hiyo dai sukari ya asubuhi kwenye damu ya mshipa: usile kwa muda wa saa 8 au zaidi, na milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) kwenda juu ni kisukari, kikithibitishwa siku nyingine kama huna dalili. Ikiwa katikati, yaani juu ya kawaida lakini haijafika 7.0, kunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji mililita 250 hadi 300, umalize ndani ya dakika 5, ukae kitini bila sigara wala kuzunguka, upimwe baada ya saa 2. Mstari wa kisukari hapo ni 11.1. Siku tatu kabla, kula wanga kama kawaida. Ukijinyima, majibu yatapanda bure.

Hata hapo maabara inaweza kuharibu. Damu ikiachwa mezani, chembe zinaendelea kula sukari, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kichupa cha kizibo cha kijivu chenye floraidi kinasaidia, lakini dawa yake inachelewa kushika. Iwekwe kwenye barafu na izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha chembe ndani ya nusu saa.

Kwa anayejipima nyumbani, HbA1c ya asilimia 7 inalingana na wastani wa sukari wa 8.6 mmol/L. Mashine yako ikionyesha wastani wa 10, asubuhi na baada ya kula, halafu karatasi inasema 6.8, usiitilie shaka mashine peke yake. Uliza AS, uliza G6PD, uliza fruktosamini, kipimo cha sukari iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu, kisichotegemea chembe nyekundu.

Kipimo cha vinasaba kina kazi sehemu moja ninayoijua vizuri: kijana mwembamba mwenye kisukari, mzazi anacho, bibi au babu anacho. Ikionekana ni kasoro kwenye jeni ya HNF1A, mara nyingi dozi ndogo ya vidonge vya glibenklamaidi inatosha na sindano za insulini zinawekwa kando. Ikiwa ni kwenye jeni ya GCK, sukari ya asubuhi inakaa kati ya 5.5 na 8 miaka yote, na kwa kawaida haihitaji dawa yoyote.