Mashujaa hawakumbukwi Julai 25 pekee

Mwandishi wa makala moja anadai kwamba askari wetu wa Tanzania waliouawa katika ulinzi wa amani nje ya nchi, wakiwamo wale wasiopungua 14 wa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 7, 2017, hukumbukwa Julai 25, Siku ya Mashujaa, na baada ya hapo husahaulika hadi mwaka unaofuata. Kwa upande wa serikali huenda ni kweli, lakini hapa kwetu, katika mwalo mmoja (ufuko wa wavuvi) wa Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, sivyo ilivyo. Kijana wa jirani yetu, aliyekuwa mvuvi wa dagaa kabla ya kujiunga na jeshi, alirudishwa kutoka ulinzi wa amani ndani ya jeneza lililofunikwa bendera, na tangu wakati huo wenzake aliokuwa akivua nao wameliandika jina lake kwenye ubavu wa mtumbwi wao kwa rangi nyeupe. Maji na jua huifuta rangi hiyo haraka, kwa hiyo kila inapofifia husubiri siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wakauvuta mtumbwi mchangani na kuliandika upya, huku mama yake akiwa amekaa kando akiwaelekeza, kwa kuwa hataki herufi hata moja ikosewe. Nimemwona akiigusa rangi kwa kidole kuhakiki kama imekauka. Je, wasomaji wa Ukerewe, Sengerema na Musoma, huko kwenu majina ya askari wa namna hii yameandikwa wapi?