Shrew, kirukanjia na wanawake wenye hasira

Juzi rafiki yangu anayefundisha Kiingereza sekondari aliniambia 'shrew' ni mwanamke mgomvi mwenye mdomo, basi, na haoni ubaya wowote hapo coz hata sisi tunasema fulani ana gubu. Nakubali nusu. Watu wa gubu wapo kweli, nimeishi nao nyumba moja, na lugha lazima iwe na jina la tabia ile.

Ila gubu anaweza kuwa nalo yeyote, baba au mama. 'Shrew' ni jina la mnyama, yule mdogo kama panya mwenye pua ndefu tunayemwita kirukanjia, paka wetu akimuua anamwacha palepale mlangoni hamli maana ananuka. Waingereza wa zamani waliamini aking'ata ana sumu (na kuna aina zake zenye sumu kweli kwenye mate), ndo ikafika karne ya 13 wakawa wanamwita hivyo mtu mwovu, mwanaume kabisa, hata shetani. Wanawake wakaingizwa baadaye, na Shakespeare anapoandika miaka ya 1590 ile tamthilia yake 'The Taming of the Shrew', Petruchio anavyomfuga mkewe Katherina kwa kumnyima chakula na usingizi, neno limeshawagandia wao.

Kinachoniuma zaidi ni 'shrewd', limetoka hapohapo, zamani lilikuwa tusi pia, leo ukimwambia mfanyabiashara hivyo anafurahi coz umemwita mtu mwenye akili kali. Hilo likasafishwa, la mwanamke likaachwa na uchafu wake.

Na haikuishia mdomoni. England mwanamke mgomvi alikuwa na kosa la jinai, anafungwa kwenye kiti anazamishwa bwawani watu wanaangalia, na sheria yenyewe imekuja kufutwa 1967, yani juzi tu.

Lakini tusiwaseme Waingereza peke yao. Fungua kamusi ya Kiswahili uangalie kirukanjia, baada ya mnyama utakuta maana ya pili: malaya. Wao walimpa mwanamke mwenye hasira, sisi tukampa mwanamke tunayedai anazurura, kamnyama ni kalekale.

Nimemwomba mwalimu akifika kwenye hilo neno aanze kwa kuwauliza wanafunzi kirukanjia ni nini, halafu asikilize watakachojibu. Amesema atajaribu wiki ijayo.