St. Stanislaus: hati ya 1891, kura 299 na askofu mkuu

Mgogoro wa parokia ya St. Stanislaus Kostka, mjini St. Louis, Marekani, ukitajwa kwetu humalizwa kwa sentensi moja: waumini walimwasi askofu mkuu wakang'ang'ania mali, wakatengwa na Kanisa. Sentensi hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba inaanzia Desemba 2005, wakati ugomvi wenyewe ulianza 2003 na makubaliano uliyoyagusa yalikuwa na zaidi ya karne.

Parokia hiyo ilianzishwa na wahamiaji wa Kipolandi mwaka 1880. Mwaka 1891 Askofu Mkuu Peter Kenrick aliikabidhi ardhi na majengo kwa shirika la kiraia lenye bodi ya walei (waumini wasio mapadre) pamoja na paroko, huku askofu mkuu akibaki na kauli katika kuteua paroko na wajumbe wa bodi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mwaka 1897, huko Scranton, Pennsylvania, Wapolandi wengine waliovutana na askofu wao juu ya umiliki wa kanisa walilolijenga walijitenga, na kwao likazaliwa Kanisa Katoliki la Kitaifa la Kipolandi, ambalo lipo hadi leo. Wale wa St. Louis walibaki na Roma, hati yao mkononi.

Mwaka 2003 Askofu Mkuu Justin Rigali aliwataka waingie katika mfumo wa parokia nyingine zote za jimbo kuu, yaani mali isiwe tena chini ya bodi ya walei. Mrithi wake, Raymond Burke, aliyefika Januari 2004, alilisukuma jambo hilo kwa nguvu zaidi. Waumini waliogopa. Wengi wetu huiona hofu hiyo kuwa ni tamaa ya fedha, kwa kuwa mali yenyewe ilikadiriwa kufikia karibu dola milioni 9. Tuitazame basi miaka ile ilivyokuwa. Mwaka 2003 Jimbo Kuu la Boston lilikubali kuwalipa waathirika wa unyanyasaji wa kingono dola milioni 85, na mwaka uliofuata likatangaza kufunga parokia nyingi. Mwaka 2004 majimbo ya Kanisa ya Portland, Tucson na Spokane yaliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika. Huko Portland na Spokane ni maaskofu wenyewe waliosimama mahakamani na kudai kwamba makanisa ni mali ya parokia, si ya askofu, hivyo yasihesabiwe katika kulipa madeni. Agosti 2005 mahakama ya kufilisi iliikatalia Spokane hoja hiyo. Uamuzi ulibatilishwa baadaye kwenye rufani, lakini nani angemlaumu Mpolandi wa St. Louis aliyesoma habari hizo na kukazana na hati ya babu yake?

Na sheria ya Kanisa haimpingi moja kwa moja. Kanuni ya 1256 inasema mali ni ya taasisi ya Kanisa iliyoipata kihalali, chini ya mamlaka ya juu ya Papa. Parokia ni taasisi ya namna hiyo. Burke naye alisisitiza kwamba hataki kuwanyang'anya chochote.

Hoja ya Burke ina uzito wake, na ilikuwa na uzito zaidi kadiri siku zilivyokwenda. Kanuni ya 523 inamwachia askofu kumteua paroko, na ya 532 inamtaka paroko aiwakilishe parokia katika shughuli zake zote za kisheria. Bodi, kwa upande wake, ilikuwa imezirekebisha kanuni zake za ndani hadi kufikia 2004 nafasi ya askofu mkuu ikawa imefutwa. Hapo waliojitetea kwa makubaliano ya 1891 walikuwa wamelifuta fungu lililomhusu mwenzao.

Hata hivyo, angalia mfuatano wa adhabu. Agosti 2004 mapadre waliondolewa. Januari 2005 waumini walipiga kura: 299 wakakataa kukabidhi mali, 5 wakakubali. Februari wajumbe wa bodi wakazuiwa sakramenti. Ubishi wa hati ya ardhi ulijibiwa kwa kumnyima mtu Komunyo. Hapo ndipo ninapomwona askofu mkuu akikosea, maana alitumia silaha ya imani katika jambo ambalo mwanasheria angeweza kulimaliza mezani.

Desemba 2005 bodi ilimwajiri Padre Marek Bozek kutoka jimbo la Springfield–Cape Girardeau, bila ruhusa ya askofu wake. Huko ni kuvuka mstari. Padre anayeajiriwa na bodi hawezi kuihubiria bodi hiyo kwa uhuru, na altare isiyo na askofu si ya Kikatoliki tena, hata kama hati ni safi. Burke alitangaza kwamba Bozek na wajumbe wa bodi wamejitenga na Kanisa kwa kosa la farakano, kisha akaifuta parokia.

Namba inayonisumbua ilikuja baadaye. Agosti 2010, Burke akiwa ameshahamia Roma, Bozek ameshavuliwa upadre na Papa Benedikto XVI, na Robert Carlson akiwa askofu mkuu, waumini walipigia kura pendekezo la kupatana na jimbo kuu. Waliokataa walikuwa 257, waliokubali 185. Kutoka 5 hadi 185! Tena wengi waliotamani kurudi walikuwa wameshaondoka na hawakuwa na kura. Kwa hiyo wale 299 wa mwaka 2005 hawakuwa watu 299 waliomkataa askofu. Waliulizwa kuhusu mali, wakajibu kuhusu mali. Laiti swali la paroko lingetenganishwa na swali la hati mapema, kabla Komunyo haijaguswa, naamini parokia ile ingekuwa na Roma hadi leo.

Mahakama iliyatenganisha Machi 2012, wakati mambo yalikuwa yameshaharibika: jaji aliona kwamba roho za waumini zinaweza kuwa chini ya askofu mkuu, ila mali ni ya shirika la parokia. Februari 2013 jimbo kuu liliacha rufani yake, na St. Stanislaus ikakubali kutojitambulisha kuwa kanisa la Katoliki la Roma. Wapolandi waliotaka kubaki na askofu wao walikuwa wameshapewa kanisa la St. Agatha, mjini humo humo, na lile walilojengewa na babu zao wakaliacha.