Nimelipia Bahari, Nimepewa Lifti

Mimi ni mtu wa Tanga, bahari hainitishi. Nimevuka kwenda Pemba ndani ya jahazi, usiku, nimelalia magunia, mbuzi wa watu ananitafuna shati. Nimepanda boti za Unguja, tukaingia mkondo wa Nungwi, baharia akanipa mfuko wa pili wa kutapikia bila hata kuniuliza kama wa kwanza umejaa. Kwa hiyo watoto walipochanga, wakasema baba na mama mwaka huu tunawapandisha meli ya kitalii, mpya, kubwa, inatoka bandari ya Galveston inakwenda Mexico, nilifurahi. Nimezeekea kwenye usukani wa lori hapa Texas. Ninachokiona kila siku ni matako ya tela la mwenzangu. Nikasema haya, angalau nikavute hewa ya chumvi.

Jamani. Hiyo bahari nimeitafuta ndani ya ile meli mpaka miguu ikavimba.

Tuanze gatini. Tumeteremka na barabara kuu ya I-45 kutoka Houston, tumeegesha (bei ya maegesho sitaki kuizungumzia, nina presha), nauliza meli iko wapi. Zuhura, binti yangu mkubwa, ananionyesha hoteli. Namwambia nimekuuliza meli. "Baba, ndiyo hiyo." Nikatazama tena. Hoteli ina mashua zimening'inia ubavuni. Basi, ndiyo hiyo.

Zuhura ndiye msomi wa safari. Akaniambia hii yetu ni kubwa lakini siyo ile yenyewe. Ile yenyewe iko Miami, Icon of the Seas, imeanza kazi Januari 2024, urefu mita 365, ghorofa 20, ikijaa inabeba abiria 7,600, na wafanyakazi 2,350 juu yake. Titanic, akasema, ilikuwa mita 269 tu. Mama Zuhura akamfinya. "Jina hilo unalitaja gatini, wewe mtoto, una akili?" Mtoto akahamia kwenye tani: 248,000 na ushei. Hapo nikaamka, maana tani ndiyo kazi yangu. Kumbe tani za meli hizi si uzito! Wanapima nafasi iliyomo ndani, wanaiita tani. Sasa mimi nifike mizani ya barabarani nimwambie askari, afande, tani zangu hizi ni nafasi tu, uone kama sitalala ndani.

Halafu nyuma, kwenye tezi, imeandikwa NASSAU kwa herufi kubwa. Nikauliza, tunapita Nassau? Hapana. Imetengenezwa Nassau? Hapana, Ulaya. Mwenyewe anakaa Nassau? Anakaa Marekani. Basi Nassau inahusu nini? Kumbe ni bendera tu. Meli za namna hii nyingi zimeandikishwa Bahamas, ambako Nassau ndio mji mkuu, au Panama, huko kodi na sheria za kazi ni laini. Na kwa kuwa ina bendera ya kigeni, ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayoikataza kutuchukua Galveston, kutuzungusha na kuturudisha hapo hapo bila kugusa nchi nyingine. Kwa hiyo na mimi niliyekuwa najigamba kazini kwamba napelekwa Mexico, kumbe napelekwa kugongesha muhuri wa sheria ya miaka ya babu wa babu.

Kabla ya kuondoka, mafunzo ya ajali. Tangu meli ya kitalii Costa Concordia ilale ubavu kule Italia mwaka 2012, meli hazichezi na hilo, mazoezi ni kabla ya safari au mara tu mnapoondoka. Ni sawa, ni jambo jema. Unatazama video kwenye simu: honi fupi saba na moja ndefu, uvae boya, uende kituo chako cha kukusanyikia. Tukaenda kukitafuta kituo chetu tujiandikishe. Nafika, naona taa zinawaka na kuzima, mashine zinalia, watu wameshika glasi. Namuuliza yule dada mwenye daftari, samahani mwanangu, kituo chetu kiko wapi? "Ni hapa, mzee. Kasino."

Sasa wewe niambie. Mtu mzima, nimehiji, meli inazama, malaika wanakuja kunitafuta, wananikuta wapi? Mama Zuhura akasema tuombe kubadilishiwa. Wakasema haiwezekani, vituo vimepangwa kufuata vyumba. Nikapiga hesabu ya kuzama taratibu chumbani kwangu, nikaona bora niache.

Chumba chenyewe sasa. Hakina dirisha. Viko vya aina hiyo katikati ya meli, ndivyo vya bei nafuu, na watoto walikuwa wamechanga, hawakuiba benki. Ukizima taa hujui umelala au umezikwa. Ukutani wamebandika picha ya bahari ili usinung'unike. Shida ikaja kwenye swala. Houston kibla naijua, ni kaskazini mashariki, naelekea kabati la vyombo. Lakini humu meli inageuka bila kukuaga, na wewe umefungiwa boksini, utajuaje? Ikabidi niwashe televisheni. Ipo chaneli inaonyesha ramani na meli inakoelekea. Nikaona omo, yaani mbele ya meli, iko kusini mashariki, nikapiga hesabu, nikasogeza kiti, nikatandika mswala. Nimeingia rakaa ya pili, spika ya dari ikatangaza bingo.

Usiku wa kwanza tumetoka kula, tumerudi, Mama Zuhura kafungua mlango katangulia, nikasikia ukelele ambao sijausikia tangu nyoka aingie jikoni kwao Pangani. Kiumbe kinaning'inia darini, mikono mirefu, kimevaa miwani yangu ya kusomea. Taulo! Mtu wa usafi kalikunja nyani, kalitundika kwenye henga. Eti ni ukarimu. Tuliondoa miwani, ila nyani mwenyewe Mama Zuhura alikataa kabisa kumgusa, na taulo zilikuwa mbili tu. Tukabaki tunapokezana moja mpaka asubuhi.

Asubuhi nikaanza rasmi kuitafuta bahari.

Unatoka chumbani, unakutana na korido ambayo mwisho wake huuoni. Kushoto milango, kulia milango. Mtu aliyezoea kuulizia omo na tezi humu haelewi lolote, kwa sababu huisikii meli ikitembea. Ina mapezi makubwa yanayochomoza ubavuni chini ya maji kuizuia isiyumbe. Haiyumbi. Nimekaa mguu huu mbele huu nyuma, kama kondakta wa daladala, nasubiri wimbi, watu wananipita na aiskrimu.

Ukifika lifti, foleni. Mlango ukifunguka, imejaa vijana waliolowa maji, wamekumbatia maboya ya umbo la bata. Inayofuata, viti vya magurudumu. Inayofuata inakwenda chini. Sakafuni kwenye lifti wameandika siku: JUMATANO. Kila usiku wanakuja kuibadilisha. Nikacheka, ila baadaye nikawaelewa, kwa sababu mle ndani jua hulioni, na bila hiyo sakafu mtu angeswali Ijumaa siku ya Jumanne.

Ghorofa ya kwanza niliyoshukia: maduka. Saa, dhahabu, manukato. Ya pili: bustani. Miti ya kweli, udongo wa kweli, ndege wanalia, ila ndege ni wa spika. Nimetoka nchi kavu, nimelipa, nimekuja katikati ya Ghuba ya Mexico kukaa chini ya mti. Ya juu kabisa kuna mabwawa. Maji ya kuogelea yapo, ya kutelezea yapo, ya kububujika yapo, na kila kitanda cha kuotea jua kina taulo lililowekwa alfajiri na mtu ambaye amerudi kulala. Ukisogelea ukingo uchungulie maji yenyewe, yale ya Mungu, unakuta kioo kirefu kuliko wewe, kimejaa alama za mikono ya watoto.

Aliyeniokoa ni kijana wa bafe. Nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria la wali nikijiuliza ni nani aliyeupika na alikuwa amekasirishwa na nini, nikanong'ona "huu wali hata chumvi hauna". Nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo mzee, ile nyingine pale iko afadhali." Kijana wa Likoni! Nilitaka kulia. Akanipitisha sufuria kwa sufuria: hii ina nguruwe, hii pia, hii ukiiona nyekundu usiiguse, kuku yule mle. Akaniletea pilipili kutoka jikoni kwao, sijui kwa Mfilipino gani. Nikamwambia baba, mimi ni mtu wa pwani kama wewe, nionyeshe bahari iko wapi humu.

Akacheka. Akasema mzee, mimi mkataba wangu ni wa miezi, siku saba kwa wiki hakuna kupumzika, na chumba changu kiko chini ya usawa wa maji. Kule chini kuna korido moja kubwa inapita meli nzima, wafanyakazi wanaiita I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki huku Marekani, forklifti zinapita, mizigo inapita. Nikamwambia hapo ungenichukua, huko ndiko kwetu. Akasema hairuhusiwi. Ila nenda ghorofa ya mashua za kuokolea, toka nje mlango wa kulia.

Nikaenda. Nikausukuma mlango, upepo ukanipiga, chumvi mdomoni, nikasema bismillahi. Nikainua macho. Mashua. Mashua za kuokolea zimepangwa ubavu mzima, kubwa, rangi ya chungwa, zimeziba kila kitu. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya wa mtu kupenyeza kichwa. Nikapenyeza. Maji yale pale, ya buluu iliyokolea, yanakimbia kurudi nyuma. Nikavuta pumzi ya kwanza, mtu akanigonga bega. Mama mmoja mwenye kaptura na saa ya kuhesabu hatua: pale niliposimama ni njia ya kukimbilia, na nyuma yake wanakuja wengine.

Cozumel, kisiwa cha Mexico, tulifika, muhuri wa sheria ukapatikana, meli nyingine zilikuwa zimeshafika na watu wameshanunua kofia. Bahari yao ni safi, siwezi kusema uongo. Kiti cha kukalia ukiitazama kinakodishwa.

Sasa tuje kwenye kadi. Humu hakuna pesa mkononi, kila mtu ana kadi, wengine wameivaa shingoni, unagusa tu, tii, umekula. Huumwi. Maumivu yanakuja usiku wa mwisho. Soda, tii. Intaneti, tii. Picha tuliyopigwa wakati wa kupanda, Mama Zuhura kafumba macho, tii. Bakshishi yenyewe inajikata kila siku, kwa kila kichwa, karibu dola 18, hata siku niliyoshinda kitandani na tumbo. Nikampelekea kijana wa Likoni ya kwake mkononi, akaipokea haraka akiangalia huku na huku, mambo yetu ya pwani.

Nikamtafuta mke wangu nimwonyeshe bili. Hayuko chumbani. Hayuko bustanini. Nimemkuta kwenye dawati fulani karibu na maduka, kakaa na Zuhura, dada wa dawati anatabasamu. Nauliza, mmepotelewa na kadi? Hapana. Wanalipa arubuni ya safari ya mwakani, eti ukilipia ungali ndani ya meli kuna punguzo.

Nikavuta kiti. Nikasema kama lazima, basi safari hii chumba chenye baraza, nikae na kikombe changu niitazame bahari mpaka nichoke. Yule dada akanigeuzia kioo cha kompyuta nione bei. Nikaisoma. Nikakigeuza kioo mwenyewe, taratibu, kikarudi upande wake.

"Hiki hiki cha ndani," Mama Zuhura akamwambia. "Ila mwandikie mtu wa usafi, asitutundikie nyani."