Mgeni wa Mwezi wa Saba Apewe Kitu cha Moto

Nilifika Njombe kwa mara ya kwanza mwezi wa saba, na nilikuja kama ajavyo mtu wa Tanga: sweta moja jepesi na kanga mbili. Baridi ya huku haianzii usoni. Inapanda kutoka kwenye nyayo, inaingia magotini, na inapofika mabegani hata sauti yako umeshaisahau. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda zaidi kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo, alfajiri za Juni na Julai unakuta sakitu nyeupe juu ya majani, na viazi vilivyochelewa shambani vimeungua kwa baridi kana kwamba vimepitiwa na moto.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya jamaa za mume wangu. Walitupokea kwa vifijo, wakatuketisha sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, wakaleta trei. Soda mbili zilizotolewa kwenye friji na sahani ya biskuti za pakiti. Chupa ile niliishika kwa ncha za vidole. Niliinywa yote, maana ukweni hukatai, lakini kila funda nililiona likishuka hadi tumboni.

Kesho yake bibi mmoja jirani akatuita kwake. Hakutupeleka sebuleni. "Kamwene, mwanangu. Sogea motoni hapa." Akafunua sufuria ya viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, akamwaga maji, akairudisha sufuria juu ya mafiga na kuitikisatikisa mpaka maganda yakapasuka na unga mweupe ukachungulia. Akaweka kisahani cha chumvi iliyosagwa na pilipili kwenye jiwe, na chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati. Nilikula viazi vinne. Vidole vilirudi, masikio yalirudi. Halafu yule bibi akaniambia kwa unyonge: "Unisamehe mwanangu, sina cha kukukaribishia, ni hivi viazi tu."

Maneno yale nimekaa nayo miaka mingi, na nimeyasikia tena katika nyumba nyingi za huku. Unasamehewa nini, bibi? Umenipa kilicho bora kuliko vyote nilivyopewa safarini, halafu unakiombea radhi.

Najua radhi ile inatoka wapi. Soda imenunuliwa kwa fedha taslimu. Mwenye nyumba anayeiagiza dukani anasema, kwa trei ile, kwamba mgeni huyu ana thamani ya kutolewa hela mfukoni. Viazi vimetoka shambani kwake mwenyewe. Nyanda hizi za juu kusini ndizo zinazolisha nchi viazi, vinapakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam kila siku, na kitu unachokikanyaga uani ni vigumu kukiona kuwa heshima. Nalielewa hilo na silidharau. Ila mgeni anatetemeka. Heshima ya kwanza anayoihitaji mtu anayetetemeka ni kitu cha moto mkononi kabla hata ya salamu kwisha, kilichotoka jikoni dakika hiyo hiyo. Wachaga wana mtori wao wa ndizi na nyama, wanampa mzazi, wanampa mgeni, na sijawahi kumsikia Mchaga akiuombea radhi.

Tatizo la pili ni kwamba tunapoamua kupika vitafunwa vya heshima, tunaiga vya pwani bila kuiga desturi yake. Sambusa, bajia na kachori zimezaliwa kwenye joto. Kwetu Tanga sambusa ikikaa saa mbili kwenye sahani bado inalika, kwa sababu hewa yenyewe ina joto. Huku haiwezekani, na sababu ni mafuta. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24. Mafuta ya mawese, hata yale yaliyosafishwa na kuuzwa kwenye madumu, huanza kuwa na ukungu na kuganda kwenye baridi ya kawaida tu ya Julai. Sasa kaanga sambusa zako asubuhi kwa mafuta hayo, zipeleke ukumbini, mgeni azile jioni. Anachokitafuna ni unga uliofunikwa na mafuta magumu yanayonata kwenye kaakaa kama mshumaa. Nimekula sambusa za namna hiyo kwenye sherehe moja hapa mjini, nikamwonea huruma aliyezipika, maana mkono wake ulikuwa mzuri na kiungo kilikaa sawasawa.

Kwa hiyo kwangu kuna mambo mawili nisiyoyaacha. Nakaangia mafuta ya alizeti, ambayo hayagandi hata kwenye baridi ya Makete. Na nakaanga mgeni akiwa ameshakaa. Maandalizi yote nayafanya mapema, karai linasubiri, na mlango wa jikoni uko wazi ili tuzungumze.

Kachori ndiyo iliyonifanya nivipende viazi vya Njombe. Pwani tunaita mbatata, na zile tunazopata sokoni mara nyingi zimeshasafiri siku kadhaa na zina maji. Huku unachagua. Chukua viazi ambavyo vikichemshwa vinapasuka na kuwa vya unga. Vile vinavyobaki vigumu na kung'aa waachie mchuzi. Vichemshe na maganda, menya vikiwa vya moto, kisha fanya alichofanya yule bibi: rudisha sufuria motoni bila maji, tikisa, acha mvuke utoke mpaka uone ukungu mweupe pembeni mwa sufuria. Hatua hiyo ndiyo roho ya kachori. Maji yakibaki ndani ya kiazi, yakikutana na mafuta ya moto yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na kachori inapasukia karaini. Ponda na chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, giligilani na ndimu. Kitunguu maji kikatwe vidogo na kiingie mwisho kabisa, kwa sababu chumvi inakitoa maji. Viringisha madonge ya ukubwa wa limau dogo.

Rojo la kuchovyea ni la unga wa dengu, zito kiasi cha kuufunika mgongo wa kijiko. Unga wa dengu ukikosekana, changanya ngano na unga wa mchele kidogo. Ndani ya donge kumeshaiva, kwa hiyo mafuta yawe ya moto kweli: dondoshea tone la rojo, likipanda juu papo hapo wakati ni huo. Na usijaze karai. Jikoni kwenye nyuzi kumi na mbili madonge yenyewe ni ya baridi, ukitia kumi kwa pamoja mafuta yanapoa na kachori zinayanywa. Nakaanga nne nne. Mgeni anapewa nne za kwanza wakati nne za pili zinaingia, na anajifunza kupuliza.

Nyumbani tungekula na chatne ya nazi. Nazi zikifika huku zimechoka na bei imepanda, basi nimeacha kuzililia. Napondaponda parachichi na ndimu, pilipili na chumvi. Mkoa huu umejaa miparachichi, na ule ulaini wa baridi juu ya kachori ya moto ni utamu ambao Tanga sikuujua.

Bajia ninazipika kwa njegere kavu badala ya kunde. Loweka usiku kucha, na usiogope zikikawia kulainika, baridi inachelewesha kila kitu. Saga zikiwa mbichi bila kuongeza maji, halafu upige ule unga kwa mkono, chini juu, chini juu, mpaka ujae hewa na uwe mwepesi. Watu wengi wanatia baking powder hapo. Mkono unatosha, na bajia ya mkono ina ladha ya njegere.

Vitumbua na maandazi sitaviongelea sana, kila mtu ana mkono wake. Neno moja tu kwa waliohamia huku kama mimi: hamira sio mbovu. Pwani unga unaumuka kwa saa moja, huku unaweza kukaa saa tatu ukiutazama. Ufunike, uweke karibu na jiko bila kuugusa moto, au uukande usiku ulale. Nilitupa unga mara mbili mwaka wangu wa kwanza nikidhani nimeuziwa hamira iliyokufa.

Nije kwenye supu, maana hapa ndipo nilipo na msimamo mkali zaidi. Supu tumeiweka kuwa ya asubuhi, ya wanaume, ya vibanda vya stendi na chapati mbili. Mimi nadhani kikombe kimoja cha supu ya kongoro ndicho kianzio bora cha chakula chochote cha jioni katika miezi hii, na kinyweke na wote, hata watoto. Nimesema kikombe kwa makusudi. Bakuli na kijiko vinaacha mikono yako mitupu na baridi. Kikombe cha udongo unakikumbatia kwa viganja viwili, mvuke unakupanda usoni, na kabla hujanywa umeshapona nusu. Cha bati kinaunguza midomo, nakiachia chai.

Mwambie mwenye bucha akubabulie kongoro vizuri, ukifika nyumbani ukwangue tena kwa kisu mpaka ngozi iwe safi. Chemsha mara ya kwanza dakika kumi, mwaga maji hayo na mapovu yake, anza upya kwa maji safi, tangawizi iliyopondwa na kitunguu saumu. Pwani ningekuambia saa tatu. Hapa ongeza muda na usikasirike na mkaa wako. Kwenye mwinuko wa Njombe maji yanachemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo sufuria inatokota kwa kelele zile zile lakini joto lililomo ndani ni pungufu. Ndiyo maana maharage na makongoro ya huku yanakula mkaa mwingi. Sufuria ya presha inaondoa shida hiyo kwa kuupandisha tena ule moto, na kwa familia ya nyanda za juu naiona ina faida kuliko friji inayopoza soda. Kongoro likishaachia mfupa, tia viazi viwili vilivyokunwa, vitaifanya supu iwe nzito, na pilipili manga. Ndimu ikamuliwe kwenye kikombe, isichemshwe. Inyweke ikiwa ya moto sana. Ule uteute wa kongoro na mafuta yake vikipoa vinagandisha midomo.

Kuna jambo sitaki kulipita kimya. Jiko la mkaa lililoivisha supu lina joto zuri, na wengi tunalivuta sebuleni au chumbani supu ikiisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunazika watu waliolala nayo. Kaeni nalo mkiwa macho, dirisha likiwa wazi hata kama baridi inaingia, na litoke nje kabla ya mtu yeyote kulala. Mtoto akianza kulalamika kichwa, toka naye nje kwanza, maswali baadaye.

Wapo watakaoniambia kwamba kukaanga mbele ya wageni ni kazi ya kuchosha, na mama mwenye nyumba anakosa mazungumzo. Kwa wageni thelathini nakubali. Kwa thelathini pika sufuria kubwa ya supu na viazi vya kuchemsha, viweke ndani ya kapu lililofunikwa kwa blanketi, vitabaki na moto kwa zaidi ya saa nzima. Kwa wageni watano mazungumzo yanahamia jikoni yenyewe, na sijaona mtu aliyerudi sebuleni kwa hiari yake Julai. Baba mkwe wangu, ambaye kwa umri wake hakuzoea kuingia jikoni, siku hizi ana kigoda chake karibu na karai na ndiye anayeonja kachori ya kwanza.

Yule bibi jirani bado yupo, ingawa magoti yamemchosha. Jumamosi iliyopita nilimpelekea kikombe cha supu na kachori tatu zilizofungwa kwenye kitambaa. Akala moja, akauliza kiazi gani nimetumia, nikamwambia ni vile vile vya shambani kwake alivyonipa wiki ile. Akanyamaza kidogo, akachukua ya pili, akaipasua kwa vidole na kuutazama ule unga mweupe unaofuka moshi. "Kumbe," akasema. Halafu akaniagiza nimwite mjukuu wake aje aangalie ninavyopika.