Kipandikizi Ni cha Pengo, Si cha Jino Linalotibika

Daktari wa meno akikutajia kipandikizi, yaani jino bandia linalosimama juu ya skrubu iliyofungwa ndani ya mfupa wa taya, kabla hajakueleza kama jino lako linatibika, usikubali kwanza. Muulize jino limefikaje hapo lilipo, na ni kitu gani hasa kinachozuia lisitibiwe. Nasema hivi kwa sababu kuna jambo linalonikera na kila kukicha linazidi kuonekana la kawaida: watu wenye meno yao, mabovu kiasi lakini bado yameshika, wanashauriwa kuyang'oa yote ili wawekewe skrubu za madini ya titani na safu mpya ya meno meupe juu yake. Picha za kabla na baada zinazagaa mitandaoni, na mwenye jino moja linalomuuma anaanza kujiuliza kama naye asiyamalize yote mara moja apumzike.

Sipingi vipandikizi. Naviona kuwa moja ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa katika tiba ya kinywa, na ndiyo maana naumia kuona vinageuzwa kuwa sababu ya kung'oa.

Vilianzia kwa sungura. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa. Alipachika vifaa vidogo vya titani kwenye mifupa ya miguu ya sungura ili aone kinachoendelea ndani. Alipomaliza akataka kuvitoa avitumie tena, vikakataa kutoka. Mfupa ulikuwa umevikumbatia hadi vikawa kitu kimoja nao. Titani ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wa oksaidi, na mfupa huota juu ya utando huo bila kuufanyia uadui. Mwaka 1965, akiwa Gothenburg, Brånemark aliweka vipandikizi katika taya la Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro kubwa za taya, ambaye kula na kuongea kwake vilikuwa taabu. Wataalamu wengi hawakumwamini Brånemark kwa miaka mingi, mpaka mkutano wa kitaalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982 ulipowafungua macho. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa bado anatumia vipandikizi vyake, zaidi ya miaka 40 tangu awekewe.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa Larsson dawa ilipatikana, lakini iliwekwa mahali palipoihitaji. Hakuna aliyemng'olea meno mazima ili ampe ya titani.

Kipandikizi chenyewe kina sehemu tatu. Kuna skrubu inayozamishwa kwenye mfupa na kuchukua nafasi ya mzizi, kuna kiunganishi kinachofungwa juu yake, na kuna jino lenyewe, yaani ile kofia inayoonekana unapocheka. Daktari anakuchoma ganzi, anafungua ufizi, anatoboa mfupa taratibu huku akimwagia maji ili usiungue kwa joto la mashine, kisha anafunga skrubu. Halafu mnasubiri. Kwa kawaida taya la chini huhitaji kama miezi mitatu, la juu zaidi ya hapo kwa sababu mfupa wake ni laini. Wapo wanaowekewa meno ya muda siku hiyohiyo, na kwa mgonjwa anayefaa si vibaya, lakini meno ya siku moja hayamaanishi kwamba mfupa umemaliza kazi yake siku moja.

Sasa nije kwenye kile ambacho matangazo hayakisemi, nacho ndicho kinachonifanya nilitetee jino la asili.

Jino ulilozaliwa nalo halikushikana na mfupa moja kwa moja. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzinyuzi, unene wake takriban robo ya milimita. Ule utando ndio unaolibeba jino. Ukiuma kitu kigumu, unabonyea kidogo, jino linashuka kidogo sana kisha linarudi, na mfupa unaepushwa na kishindo. Ndani ya utando huo mna mishipa ya fahamu ambayo hukuambia umeuma kwa nguvu kiasi gani. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye tonge unaijua papo hapo, hata kabla hujafikiri, na taya linasimama. Mna pia mishipa ya damu inayoulisha mfupa na ufizi wa pembeni.

Kipandikizi hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kimesimama kwenye mfupa kama nguzo kwenye zege. Hakibonyei, kwa hiyo mzigo wote unaenda kwenye skrubu, kwenye kofia na kwenye mfupa. Hisia yake ni hafifu, ndiyo sababu mtu anayesaga meno usingizini anaweza kuvunja kofia au kulegeza skrubu bila kujua. Na kuna jambo jingine dogo lenye uzito mkubwa: kwenye jino la asili, nyuzi za ufizi zimejichomeka ndani ya mzizi na kulifunga jino shingoni. Kwenye kipandikizi nyuzi hizo hupita sambamba na titani bila kuingia ndani yake. Ufizi umelala pembeni tu. Bakteria wakianza safari ya kwenda chini, kizuizi wanachokuta ni dhaifu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa ule ushauri wa "fizi zako zimeoza, ng'oa yote tuweke vipandikizi." Rafiki yangu aliambiwa maneno hayo. Fizi zilikuwa zinatoka damu, meno mawili ya mbele yalikuwa yakicheza, na pumzi ilikuwa imebadilika. Katika kliniki ya kwanza alipewa picha ya kompyuta ikimwonyesha tabasamu lake jipya, akaambiwa meno yote ya juu yang'olewe. Alinipigia simu akilia. Nilimwomba jambo moja tu: kabla ya kusaini, akaonwe na daktari mwingine anayeshughulika na fizi hasa. Yule wa pili alichukua kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, akakipitisha pembezoni mwa kila jino na kumsomea msaidizi wake kina cha kila mfuko wa ufizi, yaani ule mwanya ulio kati ya ufizi na jino. Kwenye kliniki ya kwanza hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Akakwanguliwa ugaga uliojificha chini ya ufizi, mara kadhaa, akafundishwa upya namna ya kupiga mswaki na kupitisha brashi ndogo katikati ya meno. Jino moja halikupona, likang'olewa. Mengine yote anayo mpaka leo, na damu imekoma.

Ugonjwa wa fizi haung'oki pamoja na jino. Bakteria wanabaki mdomoni, mazoea yaliyowalea yanabaki, kama ni sigara inabaki, kama ni kisukari kisichodhibitiwa kinabaki. Mtu ambaye ugonjwa wa fizi uliwahi kumla mfupa wa taya yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa uleule kuzunguka vipandikizi. Na ukishafika kwenye mfupa wa kipandikizi, tiba ni ngumu kuliko ya jino, kwa sababu skrubu ina mifereji inayoizunguka na uso uliokwaruzwa makusudi ili mfupa ushike. Uso huo ukifunuliwa, utando wa bakteria unajificha kwenye kila kijibonde, na hakuna njia moja ya kuusafisha ambayo wataalamu wameafikiana kwamba ndiyo. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyeambiwa kipandikizi kitamwepusha na shida ya fizi amepelekwa kwenye shida ileile akiwa na silaha chache zaidi.

Wapo watakaonijibu kwa takwimu. Ni kweli, tafiti nyingi zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10 zaidi ya vipandikizi 90 kati ya 100 bado vipo mdomoni. Ni matokeo mazuri sana na siyabezi. Lakini kuwepo mdomoni si sawa na kuwa na afya. Kipandikizi kinachotoa usaha na kupoteza mfupa nacho kinahesabiwa kuwa kipo, mpaka siku kitakapoanguka. Vilevile tafiti zilizolinganisha kipandikizi kimoja na jino lililotibiwa mzizi, yaani lililosafishwa ndani na kuzibwa, kisha likavikwa kofia nzuri hazikuona tofauti kubwa kati yake kwa kudumu. Basi kama vinakaribia kulingana, kwa nini tuanze na kile kisichorudi nyuma? Jino lililotibiwa likishindwa, kipandikizi bado kipo. Kinyume chake hakiwezekani.

Haya hayana maana kwamba kila jino liokolewe kwa gharama yoyote. Mzizi uliopasuka wima hauokoleki. Jino lililooza hadi chini ya mfupa, lisilobakiwa na ukuta wa kushika kofia, ni afadhali litoke. Na likishatoka, usikae miaka ukifikiri. Ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'oa, na sehemu kubwa huondoka katika miezi mitatu ya kwanza. Mazungumzo ya nini kitakaa kwenye pengo yafanyike kabla ya koleo kuingia mdomoni. Akichelewa mtu, huenda ikabidi aongezewe mfupa kwanza. Na kwa magego ya juu huenda sakafu ya uwazi wa hewa ulio juu ya taya ikabidi inyanyuliwe.

Halafu kuna watu ambao ningetamani wapewe vipandikizi kesho, na ndio wanaosahaulika. Ni vibogoyo wa taya la chini. Mama yangu mkubwa ni mmoja wao. Meno yake bandia ya juu hayampi shida, yamefunika kaakaa na hewa inayavuta. Ya chini yamelala juu ya ukingo mwembamba wenye umbo la kwato, ulimi upande huu, mashavu upande ule, na kila mwaka ukingo unazidi kuisha. Akila, ulimi wake hauna nafasi ya kuonja. Kazi yake ni kuyashikilia meno yasipae. Akicheka anatanguliza kiganja. Akiwa na wageni hali kabisa, anasema ameshiba.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, meno bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kwanza. Viwili tu, sehemu ya mbele ya taya, ambako mfupa huwa mgumu na uko mbali na mshipa mkubwa wa fahamu unaopita chini ya magego. Meno yanabanwa juu yake kwa vifungo, unayatoa usiku na kuyasafisha. Vipandikizi vingi vinavyofungwa kwa kijana anayetaka tabasamu la picha vingeweza kuwarudishia wazee kadhaa uwezo wa kutafuna mbele za watu. Kila nikiwaza hesabu hiyo nakosa raha.

Na si kila pengo linadai kujazwa. Hili ni gumu kulisikia kutoka kwa mtu anayeuza, lakini miaka ya 1980 Arnd Käyser, mtaalamu wa meno wa Nijmegen nchini Uholanzi, alionyesha kwamba watu wengi wanatafuna na kuishi vizuri wakiwa na meno ya mbele na magego madogo tu, bila yale makubwa ya nyuma. Wajapani nao tangu mwaka 1989 wanahimizana kufikisha miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe. Hawakusema 32. Kama gego lako la mwisho limeondoka, huna maumivu na unakula vizuri, una haki ya kuliacha pengo lilivyo.

Kwa kijana ambaye taya lake bado linakua, jibu ni asubiri. Kipandikizi hakishuki pamoja na meno mengine. Meno ya jirani yatasogea, chenyewe kitabaki nyuma na kuonekana kifupi. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, au aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani sehemu za taya, amwambie daktari mapema kabla hata ya kung'olewa jino. Mvutaji sigara aambiwe ukweli kwamba anapunguza nafasi ya mfupa kushika.

Ukishaamua, na daktari amekupima fizi, amekupiga picha ya eksirei ya pande zote tatu na kukuonyesha mshipa wa fahamu unapopita, weka makubaliano ya usafishaji kabla ya siku ya upasuaji: utarudi baada ya muda gani, nani atakupima mifuko ya ufizi, na kwa brashi ipi. Kisha omba kwa maandishi jina la mtengenezaji wa kipandikizi, aina yake, kipenyo na urefu. Vipandikizi haviingiliani. Bisibisi ya aina moja haifungui nyingine, na kiunganishi cha hiki hakikai kwenye kile. Miaka 15 ijayo, ukiwa umehamia kwingine, yule aliyekufanyia keshastaafu na skrubu imelegea, daktari mpya atakuuliza ni ya aina gani. Kile kikaratasi ndicho kitakachomwezesha kuikaza bila kuikata kofia.