Bamvua ya Naivasha

Mwezi wa Agosti 1987, nikiwa na umri wa miaka tisa, mama alinichukua mimi na dada yangu kutoka Mombasa kwenda Naivasha kumtembelea mjomba, ambaye alikuwa akifanya kazi ya reli na alipewa nyumba ya matofali karibu na stesheni. Tulilala kwenye gari la moshi hadi Nairobi, tukapanda matatu, na bonde lilipofunguka upande wa kushoto niliuona mlima Longonot umekaa chini kule kama chungu kilichomeguka mdomo. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje, nikaona mvuke unanitoka kinywani, nikarudi ndani mbio kumwambia mama kwamba tumboni mwangu mna moto. Mkaza mjomba alicheka hadi akalazimika kuliweka birika chini. Ziwa Naivasha liko kiasi cha mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Mombasa hana habari na baridi ya namna hiyo.

Jumapili mjomba alitupeleka ziwani kwa miguu. Tulipofika penye migunga mirefu yenye magome ya manjano nilidhani tumewasili, kumbe bado. Baada ya miti tulikuta majani makavu, baada ya majani tope lililopasukapasuka, na baada ya tope ndipo yakaanza mafunjo, ambayo nyuma yake maji yalikuwa yakimeta. Nilipolalamika kwamba miguu inauma, mjomba alisimama akapiga chini kwa kisigino. "Mpwa wangu, hapa unapokanyaga ni ndani ya ziwa," akasema. "Limepwa tu. Litajaa." Mimi na dada yangu tulimcheka kwa siri, kwa sababu tulijua kutoka nyumbani kwamba kinachopwa na kujaa ni bahari, na mjomba alionekana kwetu kama mtu aliyekaa bara muda mrefu hadi akachanganya mambo. Kwenye ukingo mvuvi mmoja alitupatia kamba wa maji baridi, mwekundu, mwenye magando mawili, ambaye dada yangu alikataa katakata kumwita kamba.

Nimerudi Novemba 2025, baada ya miaka 38, na nimeandika makala haya kwa sababu naona sasa kwamba mjomba hakuchanganya kitu chochote, bali sisi wengine, pamoja na wapimaji wa viwanja, ndio tuliokosea neno.

Mashua niliyoikodi kuingia mtaa wa Kihoto ilianzia safari yake barabarani. Sisemi kwa mafumbo: lami ilishuka taratibu ndani ya maji, na pale ilipozama ndipo mashua zilipofungwa, kwenye nguzo ya umeme. Kijana aliyekuwa akiendesha, ambaye tangu mwanzo aliniita mzee bila kuniuliza umri, alizima injini tulipofika kati ya nyumba, akaanza kusukuma kwa upondo. "Hapa chini ni barabara, mzee. Pale palikuwa na duka la nyama." Tulipita kamba ya kuanikia nguo ambayo bado ilikuwa na vibanio vitatu. Juu ya bati la choo mnandi alikuwa amekunjua mabawa yake kuyakausha. Ukutani kwa nyumba moja palikuwa na tangazo la rangi ya bluu, "Vyumba vya kupanga", na chini yake nambari ya simu ambayo tarakimu zake zilikuwa zimezama nusu, kiasi kwamba hukuweza kujua iwapo ile ya mwisho ni tatu au nane. Nilimuuliza kijana kazi ilikuwaje. "Zamani nilikuwa nabeba watalii kwenda Crescent Island," akajibu. "Sasa nabeba magodoro." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeona haya kidogo, kwamba magodoro hulipa kila siku ilhali watalii huja wikendi.

Magazeti na redio zilikuwa zikisema kwamba ziwa limevamia makazi. Neno hilo, kuvamia, ndilo lililonikera kuliko yote niliyoyasikia juma lile, kwa sababu linaligeuza ziwa kuwa jambazi na kuwaacha watu wote waliohusika wakiwa hawana la kujibu. Ukweli ni kwamba Naivasha haijawahi kukaa mahali pamoja. Mto Malewa huiletea maji kutoka milima ya Nyandarua, mto Gilgil nao huongeza ya kwake, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji hupungua kwa jua na kwa kupenya chini ya ardhi, na huko kupenya ndiko kunakosababisha maji yake yawe matamu wakati majirani zake Elementaita na Nakuru ni ya magadi. Ziwa la namna hiyo hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa kubwa, kuanzia miaka ya 1920 likaanza kurudi nyuma kwa miongo kadhaa, katika miaka ya 1960 likapanda, nilipoliona mimi mwaka wa 1987 lilikuwa limeshuka, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikalijaza, na kufikia 2009 lilikuwa limenywea hadi watu wakaanza kuomboleza kwamba linakufa. Mwaka uliofuata likaanza kupanda, pamoja na wenzake Nakuru na Baringo, na mwaka wa 2020 Kihoto ikazama, kama ilivyozama tena safari hii.

Kwa sisi wa pwani hili ni jambo tunalolijua kwa jina. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila wiki mbili huja bamvua, maji yakapanda hadi pale ambapo maji mafu, yale ya kujaa kudogo, hayafiki, na hakuna mvuvi mwenye akili zake anayejenga banda kwenye mchanga ulioachwa wazi saa sita mchana kwa hoja kwamba alipoukuta ulikuwa mkavu. Ziwa Naivasha nalo lina bamvua, ila linachukua miaka ishirini au thelathini kulifikia, na huo ni muda wa kutosha kwa kijana kuzaliwa, kuoa, kununua kiwanja, na kuapa kwamba maji hayajawahi kufika hapo. Yule mwendesha mashua wangu alikua katika miaka ambayo ziwa lilikuwa likienda mbali, na nilipomweleza maneno ya mjomba alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mjomba huyo alikuwa na kiwanja cha kuuza.

Shuleni tulikariri kwamba ukubwa wa ziwa hili ni kilomita za mraba 139. Nilikuwa nikiitaja nambari hiyo kwa majivuno. Leo naiona kama mzaha, kwa sababu imeandikwa kama ukubwa wa shamba lenye hati miliki, na nadhani madhara mengi yalianzia kwenye tabia hiyo ya kuliandikia ziwa nambari moja.

Sisemi kwamba kujaa kwa sasa ni kwa kawaida tu. Mvua zimezidi, na miti iliyokatwa kwenye vilima vya juu huyaacha maji yateremke kwa kasi pamoja na udongo, ambao nao huishia ziwani. Lakini hata kama tungeyaondoa hayo yote, ziwa lingepanda tena siku moja, na Kihoto ingekuwa palepale lilipokuwa likielekea.

Tena tusijidanganye kwamba waliozifuata nyayo za maji ni maskini wa Kihoto peke yao. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Nai'posha, yaani maji yanayochafuka, na Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo yao hapa hadi walipohamishwa kwa mkataba wa 1904 ili walowezi wapate nafasi. Maji yaliporudi nyuma, wenye mashamba makubwa waliyafuata, na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1930 ikawaruhusu kuitumia ardhi iliyoachwa wazi kwa kulima na kulisha, si kujenga majengo ya kudumu. Baadaye yakaja mashamba ya maua, na pamoja na maua maelfu ya watu kutoka kila pembe ya Kenya, wakajazana Karagita, Kamere na mitaa mingine iliyoota bila mpango kando ya barabara ya kusini. Ukiitazama ramani utaona mambo yalivyokaa: nyuma ya barabara watu wamebanana, mbele yake uzio, mabanda ya plastiki na nyasi za hoteli, na mbele kabisa maji. Vijana wa leo huuita mji huu Vasha, wanakuja kwa maelfu kila mashindano ya magari ya Safari Rally yanapofika, na wengi wao huondoka wakiwa wameliona ziwa kupitia dirisha la gari tu.

Nilijaribu mwenyewe. Siku ya pili nilitaka kutembea hadi majini kama tulivyotembea na mjomba, na katika muda wa saa mbili nilikutana na malango manne. Kwenye la kwanza niliambiwa nilipe kiingilio. Kwenye la pili askari, kijana mwenye adabu kabisa, alinieleza kwamba ukingo ni wa wageni waliolala hapo, na nilipomuuliza yeye binafsi huogelea wapi alicheka, akasema anaogopa viboko. Lile la tatu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. La nne halikuwa na mtu, ila lilikuwa na mbwa.

Mahali nilipofika majini hatimaye ni kwenye mwalo wa wavuvi, ambako nilikuta watu wote wa mji huu wamesukumwa kwenye kipande kimoja. Wavuvi walikuwa wakipakua sato, wachuuzi wa maji walikuwa wakijaza madumu kwenye mikokoteni ya punda, kina mama wakifua, mchungaji akingoja ng'ombe wake wanywe, watoto wakirukaruka, na kwenye mafunjo, umbali usiozidi uwanja wa mpira, viboko watano wakitutazama. Kila mtu niliyezungumza naye alikuwa na kisa cha jirani aliyejeruhiwa na kiboko. Hilo halinishangazi, kwa kuwa kiboko naye anatafuta njia ya kupanda malishoni usiku, naye pia amefungiwa uzio huku na huku, akabaki na njia ileile ya akina mama wa kufua.

Maoni yangu basi ni haya. Katiba ya 2010 inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma, na inaihesabu vilevile ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Sheria mbalimbali hutaja vipimo tofauti vya ukingo, mita kadhaa hapa, mita kadhaa pale, zikipimwa kutoka kwenye maji ambayo hayatulii, na kila mwenye uzio huchagua kipimo kinachompendeza. Naivasha haihitaji kipimo cha mita kutoka majini. Inahitaji mstari wa bamvua, yaani alama ya mahali ambapo ziwa limewahi kufika, uliochorwa ardhini kwa nguzo za saruji zinazoonekana na mtoto, kwa mashamba, kwa hoteli na kwa mitaa bila kubagua. Chini ya mstari huo asijenge mtu. Atakayetaka kulima mboga ya msimu na alime akijua. Na kila baada ya umbali fulani iwepo njia ya umma, pana ya kutosha ng'ombe na mkokoteni kupishana, inayoshuka hadi majini popote yatakapokuwa mwaka huo.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu pwani tumeambiwa hayohayo kuhusu vichochoro vya kwenda baharini ambavyo hoteli huviziba. Nitaambiwa kwamba maua na hoteli ndivyo vinavyolisha mji, na ni kweli, kwa maana nusu ya niliozungumza nao walikuwa wamevaa makoti ya shambani. Lakini njia ya futi thelathini kati ya mashamba mawili haijawahi kumfilisi mkulima wa waridi. Nitaambiwa pia kwamba watu wa Kihoto walinunua viwanja kwa pesa halali, na mama mmoja niliyemkuta akiwa amehamia kwenye chumba cha shemeji yake alinionyesha karatasi zake, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine. Yeye ana haki ya kupewa mahali pengine, na anayestahili kuulizwa ni aliyekata vile viwanja na aliyetia mhuri, si yeye wala ziwa. Kumrudisha palepale maji yakishuka, kama ilivyofanyika baada ya 2020, ni kumwandalia mafuriko mengine.

Jioni ya mwisho nilikwenda kuitafuta nyumba ya mjomba. Sasa inakaliwa na familia nyingine, ambayo ilinipokea kwa chai bila kunijua, na mlango wake bado una kile kitasa cha shaba ambacho nilikuwa nikikigusa asubuhi ili nishtuke kwa ubaridi. Nilimuuliza mwenye nyumba, mzee kuliko mimi, kama mwaka wa 2020 au mwaka huu maji yaliwakaribia. Alinitoa nje hadi kwenye kona ya ua, akanielekeza kwa kidole: kule chini mapaa ya Kihoto yaliyojitokeza majini, katikati ya mteremko mrefu reli, na hapa juu sisi. Akasema waliojenga reli walipita hapa ziwa likiwa kubwa.